Bibi Yako Alikuwa wa Akiba

Mwanangu Rukia,

Salamu tumepeana asubuhi na tutapeana tena ukirudi, kwa hivyo niruhusu niingie ndani bila ya kubisha hodi. Sasa hivi uko Amani kwa baba yako, unaaga, na ninavyowajua watu wa kule hawakuachii mpaka ule. Nina nafasi mpaka Magharibi. Kesho asubuhi unapanda boti kwenda Pemba kuanza kazi katika wodi ya upasuaji, kazi ile ile iliyonizeesha mimi, na sitaki uondoke kabla hujayasoma haya.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, za kula kwa wakati, wala za wanaume wanaojifanya wamepotea njia. Hayo nimekwambia mpaka nimechoka kujisikia mwenyewe. Nimekaa kuandika kwa sababu ya jana.

Jana tulikusomea dua ya safari. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe unaijua, wanawake wachache tu wanaijaza, na jana walikaa mpaka kwenye ngazi. Dua ilipokwisha, mama yako mdogo Zuwena akakushika mikono mbele ya wote akakuusia. Akakwambia uwapende wagonjwa, uwafanye kama wazazi wako. Maneno mazuri. Halafu akasema, "Na wala usije ukamrudisha mgonjwa mlangoni kwa funda la kombe."

Hakunitaja, wala hakuwa na haja. Pale barazani hapakuwa na mtu asiyejua anasemwa nani. Jirani yetu wa chini akajifanya anatafuta kijiko. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikaendelea kumimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Zuwena nimemzoea. Ndugu yangu wa tumbo moja, na miaka saba sasa ananisema kila penye watu zaidi ya watatu. Jana sikumtazama yeye, nilikutazama wewe. Uliinamisha uso ukatazama sahani. Hapo nikajua kwamba na wewe unaamini. Nimekulea, nimekusomesha kwa zamu za usiku na mchana, umechagua kazi ya mama yako, na bado ndani ya moyo wako mimi ni mtu aliyemfukuza mama yake mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Niliumia, Rukia. Bado naumia ninapoandika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi jana niliona nguo zangu zote zinawasha.

Ulikuwa kidato cha pili wakati ule, na mambo uliyasikia kwa Zuwena, kwa sababu Zuwena alisema na mimi nilinyamaza. Sasa yasikie kwangu. Nakuonya mapema kwamba hayatanisafisha. Ukimaliza kusoma utanijua kwa ubaya ambao hata Zuwena haujui.

Bibi yako Kidawa alikuwa na ngiri ya kitovu. Alianza nayo ndogo, ikakua mpaka ikawa kama chungwa, na yeye akawa anaikaza kwa kanga na kuingia baharini kule Makunduchi kufunga mwani wake kama kawaida. Nilimbembeleza karibu mwaka mzima aje mjini apasuliwe. Alikuwa haogopi maumivu, alikuwa akiogopa kulala akafunuliwa na watu asiowajua. Mwisho alikubali kwa sababu moja. Alisema, mwanangu yupo mle ndani, mwanangu ndiye mwenye hospitali. Akawaaga watu wa kijiji kizima kwa maneno hayo. Kila aliyemsikia akajua kwamba mama wa nesi hapangi foleni.

Sasa nikueleze jinsi orodha yetu ilivyokuwa, ingawa huko uendako utaikuta ya namna hiyo hiyo na pengine wanaiita jina jingine. Chumba chetu kilikuwa kinaweza kupasua watatu, siku nzuri wanne. Kwenye orodha wanaandikwa sita. Wale wa mwisho tulikuwa tukiwaita wa akiba. Ikiwa wa mbele amekutwa presha imepanda, au ameamka na kifua, basi anaingizwa wa akiba ili chumba kisikae bure na daktari asirudi nyumbani. Kwa chumba ni hesabu nzuri kabisa. Lakini wa akiba naye amelala na njaa kama wenziwe. Naye anavuliwa nguo, anavishwa gauni la kijani lililo wazi mgongoni, anakalishwa kwenye benchi la ukumbini, miguu inaning'inia, baridi ya mashine inampiga. Anakaa hapo mpaka saa saba mchana. Halafu anakuja mmoja wetu anamwambia, rudi ukale, kesho. Hatumwambii kwamba ni wa akiba. Hatujamwambia tangu mwanzo, na baadaye tunaona haya kuanza. Mimi nimelisema hilo neno kesho kwa watu siwezi kuwahesabu, na wengi nililisema huku natembea.

Orodha ya siku ya kwanza ilipotoka, mama yangu alikuwa wa tano.

Nikaenda kitandani kwake nimwambie. Nakuapia nilikwenda kwa nia hiyo. Nikamkuta amekaa kitako anawahadithia wenziwe wa wodini kwamba mtoto wake ndiye anayeshika funguo za humu, na wao wanamsikiliza, na mmoja akanigeukia akaniomba nimtazamie na yeye jina lake. Ningesemaje? Ningesema kwamba miaka yangu yote ya kazi haimfikishi mama yangu hata kwenye nambari ya tatu? Nikamtandikia shuka vizuri nikamwambia, "Kesho unaingia, mama."

Asubuhi nilimpeleka mwenyewe. Alivuliwa kanga zote mbili, kichwa akavishwa kile kikofia cha karatasi kinachoonyesha nywele. Mhudumu wa kiume alipopita na kitanda, mama alijifunika kichwa kwa mkono, na mkono ulipochoka akabadilisha wa pili. Nililiona hilo, nikapita. Saa saba akarudishwa. Siku ya pili vile vile, benchi lile lile, tena wa tano. Alipoletewa chakula mchana hakula. Alikunywa uji nusu kikombe akageukia ukutani. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mimi niliyekuwa na taa mkononi nilikuwa nimeificha nyuma ya mgongo.

Jioni ile nilikwenda kwa mkuu wa wodi, nikamlilia. Sikuwahi kuomba upendeleo maisha yangu, siku ile niliomba. Akaniandikia mama wa kwanza. Nikaenda kumwambia mbio mbio, nimefurahi kama mtoto.

"Kesho kweli, mama. Wewe ndiye wa kwanza."

Akainuka akakaa kitako. Akasema, "Kwani jana na leo ilikuwa nini?"

Nikamwambia naitwa, nikaondoka.

Sikuwa nimeitwa na mtu. Naomba ulijue hilo, kwa sababu mengine yote yametokana na hapo.

Zuwena ndiye aliyekuwa akimuuguza, analala naye pale chini ya kitanda kwenye mkeka. Kabla sijaenda nyumbani nilimchukua pembeni nikamkanya kwamba mama asitie kitu mdomoni, chakula wala maji, mpaka atoke. Akanijibu, "Nshasikia, dada, mie si mtoto." Asubuhi mama akapelekwa benchini mapema. Nesi wa thieta akamuuliza yale maswali yetu, umekula, umekunywa, akajibu hapana. Mimi nikaenda mezani kufuata faili lake. Nilipoteza dakika kumi, labda robo saa.

Niliporudi nikasikia harufu ya marashi. Zuwena alikuwa amesimama mbele ya mama, buibui limetanuka. Kifuani kwa mama, kwenye lile gauni la kijani, palikuwa na tone la manjano halijakauka. Nilikua katika nyumba ya kombe, wewe pia. Tangu nina akili nawaona watu wanaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Sikuhitaji kuambiwa nini kilichomwagika.

Nikamuuliza mama amekunywa nini. Akasema hajatia kitu mdomoni, na macho yake yalikuwa ukutani. Nikamgeukia Zuwena. Daktari wa usingizi alikuwa ameshafika, anasikiliza. Zuwena akasema mbele yake, "Wallahi sijampa kitu."

Shingo ya chupa ilikuwa imechungulia kwenye mkoba wake.

Rukia, wewe umeshasoma, unajua. Mtu akilazwa usingizi na tumboni mna kitu, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni, na anaweza kufa pale pale mezani. Kombe lina aya ya Mwenyezi Mungu, na maji yake ni maji. Hata nesi angelimuuliza tena, bibi yako angelijibu hapana bila ya kuona kwamba anadanganya. Katika akili yake, na ya Zuwena, na ya nusu ya watu wa kisiwa hiki, kombe halihesabiwi kuwa ni kunywa. Ni dua inayopita kooni. Mimi peke yangu pale ukumbini nilijua yote mawili, la kwao na la daktari. Nikasema, "Daktari, mama amekunywa kombe."

Daktari akauliza kiasi gani. Mama akageukia ukuta, Zuwena akaukaza mkoba kwapani. Akasema kwa kuwa hakijulikani kiasi, tumngoje muda wa saa mbili kwa tahadhari, aingie wa pili. Yule wa pili akaingia. Kabla hajatoka ikaja dharura ya mzazi aliyetoka shamba, ameshindwa kujifungua, na mzazi hangoji. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mama akaambiwa arudi akale.

Hakurudi kitandani. Alisimama akataka kanga zake, akajifunga, akasema apelekwe kwao. Nilimshika mkono akautoa. Alichosema alikisema taratibu, na Zuwena alikisikia, ndicho anachokirudia mpaka leo: "Mtoto wangu mwenyewe kanisemea."

Kwa kumwambia daktari sikuombi radhi wewe wala mtu yeyote. Ingekuwa leo ningesema tena, hata kama ingekuwa ni wewe umelala pale. Lakini Zuwena alitoka na hadithi yake. Makunduchi nzima ikajua kwamba nimemrudisha mama yangu mlangoni kwa sababu ya kombe. Ilipofika Kikwajuni kwake ikawa nimelimwaga kombe. Ilipofika Darajani, mwanamke muuza maziwa niliyenunua kwake miaka akanipimia bila ya kunitazama, kwa sababu Zuwena alikuwa ameshafika kusema kwamba nimeidharau Kurani. Ndugu yangu aliyeapa uongo mbele ya daktari, chupa mkobani mwake, ndiye aliyekuwa mtu wa dini, na mimi niliyesema kweli nikawa kafiri wa mtaa. Jambo hilo limenikaa hapa kooni. Halijashuka.

Miezi mitano baadaye ngiri ikabana. Mama aliletwa mchana na gari ya kubebea mwani, anatapika, tumbo gumu. Sasa hapakuwa na orodha, alikuwa dharura, lakini chumba kilikuwa na mtu, kwa hivyo tukangoja tena. Mimi na yeye, ukumbini pale pale, yeye kwenye kitanda cha magurudumu, mimi nimesimama. Zuwena alikuwa bado yuko njiani. Nilimwachia mama kanga yake kichwani. Nesi wa thieta alinitazama, nikamwambia nitaitoa mwenyewe mlangoni.

Na hapo, kwa kuwa sikuwa na jengine la kumpa, nilimwambia. Nilimwambia kwamba siku zile mbili za mwanzo alikuwa wa akiba, kwamba nilijua tangu jioni ya kabla, kwamba nilimwacha na njaa na baridi kwa sababu niliona haya mbele ya wenziwe. Nilidhani atanilaani. Alifumba macho nikadhani hakusikia.

"Ungelinambia ningelikaa," akasema. "Mie mwani naungoja wiki sita, na mara unaingia ugonjwa naanza upya. Kungoja nnakujua. Ungelinambia tu."

Aliingia. Alitoka akiwa hai, lakini hakufungua macho tena, na siku ya tano tukamzika kwao. Sikupata kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nitamwomba akizinduka, akiwa na nguvu, tukiwa peke yetu.

Zuwena husema kwamba mama angalipasuliwa siku ile ya tatu angalikuwa hai. Na mimi nasema hivyo hivyo.

Nilipomaliza eda ya moyo wangu nikarudi kazini, nikaanza jambo ambalo umeliona bila ya kulijua maana yake, maana ulikuwa ukinilalamikia kwamba nachelewa kurudi. Kila siku baada ya Alasiri, kabla jamaa hawajaingia na vyombo vya chakula, nilichukua orodha ya kesho nikakaa kwenye kitanda cha kila mmoja. Kukaa, si kusimama miguuni. Wewe ni wa pili, utaingia kabla ya saa nne. Wewe ni wa akiba, na akiba maana yake ni hii, huenda ukaingia na huenda usiingie, na saa sita ikifika hujaitwa mimi mwenyewe nitakuletea chai. Mwenye kombe lake aliseme. Aliambiwa alinywe jioni ile ile, na mimi nikimshikia kibakuli, na baada ya hapo basi. Nikapigana na watu wa thieta mpaka wanawake wakaruhusiwa kufika na kanga mpaka mlangoni. Hilo peke yake lilinichukua karibu mwaka, utadhani nimeomba wapewe vitanda vya dhahabu.

Usifikiri nilishukuriwa. Mara ya kwanza kabisa kumwambia mtu kwamba yeye ni wa akiba, alikuwa mama mmoja wa Tumbatu, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga furushi lake la nguo akaondoka. Mkuu wa wodi alinifokea mbele ya wanafunzi, akaniuliza kama nimeajiriwa kupunguza wagonjwa. Nililia chooni. Wiki ya pili yule mama akarudi, peke yake, akanitafuta mimi. Hakusalimia hata. Akauliza, "Leo nambari ngapi?" Nilipomwambia wa tatu akatoa tasbihi akaanza kuvuta.

Na zipo siku nimeshindwa. Kuna binti mmoja wa shamba, alikuwa na uvimbe shingoni, siku hiyo nilikuwa nimesimama tangu alfajiri na miguu imevimba. Aliniuliza, nikamjibu utaingia tu. Tayari nilikuwa naijua orodha. Aliniamini akalala usingizi mzuri, na kesho yake saa saba alinitazama kwa macho ya mama yangu yale yale. Kwa hivyo usiniweke juu. Baada ya yote yale bado neno hilo linanitoka nikiwa nimechoka, kwa sababu ni jepesi na linakuondoa kitandani kwa mtu haraka.

Huko Pemba utakuwa mgeni. Watakwambia wagonjwa wakiambiwa watasumbua, na watakwambia waliokutangulia wote wamefanya hivi. Wengine watakuwa watu wazuri, wanaokupikia na kukuazima mwavuli. Sina la kukuamrisha. Mimi nilianza kusema kweli baada ya kumzika mama yangu, kwa hivyo sina mdomo wa kumfundisha mtu ushujaa. Nimekueleza tu bei niliyoinunulia.

Sasa limebaki moja, na kwa ajili ya hili nimezunguka kurasa zote hizi.

Pale ukumbini, kabla hawajaja kumchukua, mama alisema na jengine. Sijamwambia mtu, si baba yako, si wewe, na hasa si Zuwena. Aliniambia kwamba kombe lile alilitaka yeye. Jioni ile nilipokimbia swali lake alijua kwamba namficha kitu, na akaona kitu chenyewe kitakuwa ni kifo, kwamba madaktari wameona hatoki na ndiyo maana wanamrudisha rudisha. Akamtuma Zuwena alfajiri kwa mwalimu akaandikiwe kombe. Akamwapisha kwa haki ya maziwa aliyomnyonyesha kwamba hatanambia, na kwamba nikiuliza, mbele ya yeyote, akane.

"Nilijua utalimwaga," akasema. "Wewe ulinificha lako, na mie nikakuficha langu. Usimlaumu mwenzio."

Umelisikia hilo? Usimlaumu mwenzio. Ndiyo maneno ya mwisho ya mama yangu kwangu, na mimi nimemlaumu mwenzangu kwa miaka saba. Nilijua kwamba ule uongo wa Zuwena ulikuwa ni amri ya mama, alishikwa kati ya viapo viwili, akachagua cha aliyemzaa. Nilijua, nikamwacha ajione kwamba ndani ya macho yangu yeye ni mwongo na muuaji. Maana kama Zuwena ndiye mwongo, hakuna atakayeuliza kwa nini mama aliingiwa na hofu. Na yeye, nafikiri, kila akilala anakumbuka mkono wake umeshika ile chupa. Mtu mwenye jambo kama hilo moyoni lazima atafute wa kumtupia, na mimi nilikuwa karibu.

Usije ukadhani nimemsamehe. La kombe nimeliacha zamani. La kwamba nimeidharau Kurani, lile hakuapishwa na mtu, alilitoa mwenyewe kinywani mwake, akalirudia, na jana akakutia na wewe ndani. Hilo bado analo. Na wewe pia unalo la kwako, la kunyamaza ukatazama sahani. Nakwambia kwa sababu barua hii ni ya kweli na sitaki niipambe mwishoni. Radhi yangu unayo, unayo tangu hujaiomba, nenda nayo. Lakini jana uliniuza, na ulikuwa hujui kwamba hesabu uliyoniuzia ni ya Zuwena peke yake.

Barua naiweka juu ya mkoba wako. Mimi nimeshavaa buibui, naelekea Kikwajuni kwa Zuwena. Nitamwambia kwamba mama alikuwa wa akiba siku mbili na mimi nilijua nikamdanganya. Nitamwambia kwamba najua nani aliyemtuma alfajiri ile na kwa kiapo gani, na kwamba nimejua siku zote. Pengine atanifukuza, na haki anayo. Pengine kesho bandarini utatukuta tumesimama kila mmoja na upande wake kama ada yetu, basi utuage mmoja mmoja, usitupatanishe mbele ya watu. Ukirudi hunioni, kula, pumzika, usinifuate. Naogopa, Rukia, mtu mzima mimi, naogopa mdogo wangu. Lakini miaka saba nimemkalisha bila ya kumwambia anangojea nini, na leo nakwenda kukaa karibu yake nimwambie.

Mama yako